Mama Mtumwa na Rafiki Yake

Harriet Jacobs alizaliwa mtumwa mjini Edenton, kusini mwa Marekani. Bwana wa nyumba alipomsumbua, msichana yule akakimbilia kwa mzungu mwingine, akamzalia watoto wawili pasipo ndoa. Toka 1835 alijificha karibu miaka saba chini ya paa la mama wa mama yake, mahali pasiposimamika. Aliwachungulia wanawe kwa tundu, asithubutu kuwaita. Mwaka 1842 akatorokea kaskazini. Huko Amy Post, mwanamke mzungu, akawa rafiki yake. Harriet aliona haya kusimulia. Amy alimtia moyo aandike. Kitabu kikatoka mwaka 1861. Baadaye wengi walikidhani hadithi ya kubuni. Jean Fagan Yellin, aliyekitoa upya mwaka 1987, alithibitisha ukweli wake: barua za Harriet kwa Amy zilikuwa zimehifadhiwa.