Damu Inapohamia Nairobi

Mwaka jana, nikiwa na miaka 26, niliingia duka la dawa mtaani kutafuta dawa ya kichwa. Dada wa kaunta akaniambia, "Hebu keti kwanza nikupime presha, ni ya bure." Mashine ikasoma 148 kwa 96. Akanipima tena. Ni kama haikubadilika. Nilicheka nikamwambia hiyo ni ya wazee. Yeye hakucheka.

Babangu alipigwa na kiharusi akiwa na miaka 51. Kwa hivyo nilirudi kwa keja nikijiambia hii ni damu ya ukoo, nimerithi, basi. Lakini kuna tabia moja haikuniacha nilipoacha chuo mwaka wa pili: swali likinishika, nalisoma hadi usiku. Na historia niliyoikuta ilinikatalia.

Mwaka 1929, daktari Mwingereza aitwaye C. P. Donnison, aliyekuwa akifanya kazi Kisii, alichapisha makala katika jarida la Lancet. Alikuwa amepima presha ya Waafrika wapatao 1,000 wa pande hizo za Nyanza. Kwa Wazungu ilijulikana kwamba presha hupanda umri ukisonga. Hapa haikupanda hivyo. Baada ya miaka 40 ilielekea hata kushuka. Katika miaka miwili, kati ya wagonjwa kama 1,800 waliolazwa, hakupata hata mmoja mwenye ugonjwa wa presha.

Sasa, tusianze kuimba sifa za zamani. Hao watu hawakuwa wanaishi miaka mia. Malaria, nimonia na njaa ziliwamaliza wengi mapema. Mwaka 1931, John Boyd Orr na John Gilks walitoa ripoti kuhusu chakula na afya ya Wamaasai na Wakikuyu, na humo mna upungufu wa damu na vidonda tele. Lakini waliofikia uzee walifika bila presha yao kupanda. Nini kilibadilika?

Jibu lilikuja mwaka 1990, katika British Medical Journal. Neil Poulter na wenzake walifuatilia Wajaluo 325 wa miaka 15 hadi 34 waliotoka vijiji vya karibu na Ziwa Victoria wakaja Nairobi. Wakawalinganisha na wengine 267, wa rika hilo na vijiji hivyo hivyo, waliobaki nyumbani. Waliwapima kwa muda wa hadi miaka miwili. Presha ya waliohamia ikawa juu ya ile ya waliobaki, na haikungoja mvi. Tofauti ilionekana mapema, wakiwa bado wageni mjini. Uzito wao ulikuwa juu, mapigo ya moyo pia. Na mkojo ukatoboa siri ya sahani: chumvi ilikuwa imeongezeka, potasiamu imepungua.

Ukifikiria, inaeleweka. Chumvi huvuta maji kwenye damu, mishipa ikabaki kusukumwa kutoka ndani. Potasiamu, ambayo tunaipata kwa mboga, maharagwe na matunda, husaidia figo kuitoa hiyo chumvi. Kijijini kuna osuga na apoth nyuma ya nyumba. Hapa mimi nina smokie, na ule mkebe wa chumvi kwa mkokoteni.

Nilisoma hizo namba mara tatu. Ukoo ni ule ule. Vijiji ni vile vile. Kilichobadilika ni Nairobi.

Sahani haikuwa peke yake. Huko London, kuanzia 1949, daktari Jerry Morris alichunguza wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa. Dere na konda walikuwa watu wa tabaka moja, ndani ya gari moja. Lakini dere alikaa siku nzima, na konda alipanda ngazi kama 600 kila siku. Matokeo yalichapishwa mwaka 1953: makonda waliugua moyo kidogo kuliko madereva, na waliougua hawakufa haraka kama wale. Morris mwenyewe akaanza kukimbia mbugani wakati watu wazima walionekana vichaa wakifanya hivyo. Alifariki mwaka 2009, miezi michache tu kabla ya kutimiza miaka 100.

Mimi ni dere asiye na gari. Naandika makala za watu nikiwa kitandani, laptopu juu ya mto, mpaka saa nane usiku. Na kutembea, katika jiji hili, kuna aibu yake. Anayetoka Mukuru kwa miguu hadi Industrial Area hafanyi mazoezi, hana nauli. Nilipoanza kushuka steji mbili kabla ya yangu, jirani aliniuliza kwa upole kama nimesota.

Nilienda kliniki. Daktari alisema tujaribu miezi mitatu kabla ya dawa: mboga, chumvi kidogo, miguu. Kipimo cha mwisho kilikuwa 136 kwa 87. Sijapona, na pengine siku moja nitameza tembe kama babangu, na hakuna aibu hapo.

Lakini wiki jana nilimpigia simu. Mkono wake wa kushoto bado ni mzito. Nikamuuliza alikuja Nairobi mwaka gani. Akasema 1988, akiwa na miaka 22. Nikanyamaza kidogo. Alikuwa kama wao, wale waliopimwa, ila yeye hakuna mtu aliyempima.