Kutafuta Wakili: Kapenguria 1952, Dar es Salaam 1958

Wanafunzi wangu wa zamani hunipigia simu kwa sababu nyingi, lakini kuna swali moja ambalo nimelisikia mara kwa mara siku hizi: "Mwalimu, unamfahamu wakili mzuri?" Mimi si mwanasheria. Aliyenipigia mwezi uliopita alikuwa na mdogo wake aliyelala mahabusu siku nne, nami sikuwa na jina la kumpa papo hapo. Nilichokuwa nacho ni historia, na kwa bahati swali lake lina historia ndefu katika Afrika Mashariki.

Tuanzie Oktoba 1952. Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari nchini Kenya, na usiku huo huo Jomo Kenyatta akakamatwa. Hatimaye watu sita walishitakiwa pamoja: Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng Oneko na Kung'u Karumba. Shitaka kuu lilikuwa kuendesha Mau Mau. Nani angewatetea? Wakili Mzungu wa Nairobi aliishi kwa kuwahudumia walowezi. Kukubali kesi hiyo kulikuwa sawa na kufunga ofisi yake kwa mkono wake mwenyewe. Wakenya Waafrika waliosomea uwakili walikuwa hawajafika hata kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Waliobaki ni mawakili wa Kihindi, nao hawakusita: Achhroo Kapila, Fitz de Souza, Jaswant Singh. Kutoka Moshi, Tanganyika, alijitokeza Dudley Thompson, Mjamaika aliyekuwa rubani wa jeshi la Uingereza wakati wa vita na baadaye akasoma sheria Oxford. Kutoka Nigeria alikuja H. O. Davies, kutoka India, Chaman Lall.

Hata hivyo kundi hili lilitaka kiongozi kutoka London, na sababu zake zinafaa kuelezwa, maana leo baadhi yetu huzisoma kama kasumba ya kikoloni. Uingereza hugawa kazi ya uwakili mara mbili: yuko anayeonana na mteja na kuandaa majalada, na yuko anayesimama mbele ya jaji na kujenga hoja. Miongoni mwa hawa wa pili, wachache waliobobea wakati huo walipewa hadhi ya Wakili wa Malkia. Majaji na waendesha mashitaka wa makoloni walikuwa wametoka katika shule hizo hizo, na waliizoea hadhi hiyo tangu ujana wao. Tena wakili wa London hakuwa na leseni ya biashara Nairobi ya kunyang'anywa, wala nyumba, wala watoto katika shule za mji. Na akipiga kelele, Bunge la Uingereza husikia.

Aliyepatikana ni Denis Nowell Pritt. Alizaliwa mwaka 1887, akawa mbunge kuanzia 1935 hadi 1950, na mwaka 1940 chama cha Labour kilimfukuza kwa kuitetea Urusi ya Kisovieti ilipoivamia Finland. Mapema miaka ya 1930 alikuwa wakili wa Ho Chi Minh katika rufaa iliyotoka Hong Kong. Siasa zake kuhusu Moscow zilikuwa na upofu ambao mimi binafsi siwezi kuutetea. Lakini mahakamani alikuwa hatari.

Serikali ilijua hivyo, ndiyo maana ikaipeleka kesi mbali. Washitakiwa waliachiwa kwa jina tu na kukamatwa upya Kapenguria, kaskazini magharibi mwa Kenya, ili mamlaka ya mahakama yaonekane kuwa huko. Mahali hapo palihitaji kibali cha kuingia. Hapakuwa na hoteli. Mawakili walilala Kitale na kusafiri kila siku kwenda mahakamani, na katika nchi ya ubaguzi wa rangi timu yenye Mwingereza, Wahindi na weusi haikuweza hata kukaa chini ya paa moja. Hakimu, Ransley Thacker, alikuwa jaji mstaafu aliyerudishwa kazini kwa ajili ya kesi hiyo. Mkalimani wa kwanza alikuwa Louis Leakey, yule mtafiti wa mambo ya kale, aliyekuwa ameandika dhidi ya Mau Mau! Utetezi ulimpinga, mwishowe akajiondoa. Nasisitiza jambo la mkalimani kwa sababu wasomaji wengi wa kesi hii hulipita upesi. Mshitakiwa ambaye maneno yake yanafikishwa kwa hakimu na hasimu wake ana tatizo ambalo wakili bingwa peke yake halimalizi. Ni lazima awepo upande wake mtu anayeisikia lugha yenyewe.

Pritt aliwapelekea wabunge wa London simu ya maandishi akilalamika kwamba haki inanyimwa. Alishitakiwa kwa kuidharau mahakama, akashinda. Kesi yenyewe alishindwa. Tarehe 8 Aprili 1953 Kenyatta na wenzake walihukumiwa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Oneko baadaye alishinda rufaa, lakini hakuachiwa, aliwekwa kizuizini.

Je, basi, Pritt alikuwa wakili sahihi? Ukipima kwa hukumu, jibu ni hapana. Lakini washitakiwa wale hawakuwa watoto. Walijua upepo unavumia wapi. Walichokihitaji ni mtu wa kumhoji kila shahidi mpaka kila neno liingie katika kumbukumbu za mahakama. Rawson Macharia aliapa kwamba alimwona Kenyatta akisimamia kiapo. Mwaka 1958 Macharia huyo huyo alitoa hati ya kiapo kwamba alidanganya, na kwamba aliahidiwa masomo Uingereza kwa gharama ya serikali. Akashitakiwa. Si kwa kudanganya Kapenguria, bali kwa kusema kwamba alidanganya Kapenguria. Bila mahojiano yaliyokwisha kuandikwa miaka mitano nyuma, kauli yake ingekuwa fununu ya sokoni.

Mwaka huo huo wa 1958 Pritt alikuwa Dar es Salaam. Julius Nyerere alishitakiwa kwa kashfa ya jinai kutokana na makala katika Sauti ya TANU iliyowalaumu wakuu wa wilaya wawili. Hapa hitaji lilikuwa jingine kabisa. Uchaguzi ulikuwa mlangoni, TANU ilikuwa imekwisha kupita katika mabishano makali ya Tabora juu ya kura tatu, na Rais wake akifungwa, chama kingeweza kupasuka au mitaa kuwaka moto. Kumbukumbu kwa ajili ya vizazi ilikuwa anasa. Walihitaji mtu wao abaki nje. Pritt alisimama pamoja na Mahmud Rattansey na K. L. Jhaveri, mawakili wa hapa hapa nchini. Nyerere alitiwa hatiani, akapewa uchaguzi wa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Faini ililipwa, kazi ikaendelea.

Nairobi ina barabara yenye jina la Pritt. Sina kinyongo nayo. Lakini nikiwauliza wanafunzi wa mwaka wa tatu majina ya Jaswant Singh au Rattansey, darasa hunyamaza. Hao ndio waliobaki baada ya ndege ya Pritt kuondoka, wakiwa na ofisi zao, leseni zao na familia zao ndani ya mkono wa dola.

Ilipofika Oktoba 1961, miezi miwili kabla ya uhuru, chuo kikuu chetu kilianza Dar es Salaam kwa kitivo kimoja tu, nacho kilikuwa cha sheria. Waliokianzisha walikuwa wamejionea wenyewe gharama ya kuagiza utetezi kutoka nje.

Na bado tunaagiza. Mwishoni mwa 2024 Kizza Besigye wa Uganda, aliyekamatiwa Nairobi, alimtaka Martha Karua wa Kenya amwongozee utetezi. Baraza la Sheria la Uganda kwanza lilimkatalia kibali, kisha Januari 2025 likakitoa. Mei 2025 Karua huyo huyo alikuja Tanzania kufuatilia kesi ya Tundu Lissu, akazuiwa katika Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere na kurudishwa kwao. Serikali ya kikoloni ya mwaka 1958 ilimruhusu Pritt kuingia. Lissu, ambaye mwenyewe ni wakili, baadaye aliamua kujitetea.

Yule mwanafunzi wangu nilimrudia jioni. Nilimwambia atafute kwanza wakili wa wilaya ile ile, anayefahamiana na karani wa masjala na anayeweza kufika kituoni saa mbili usiku. Jina kubwa la mjini lije baadaye, likihitajika. Alimpata mama mmoja mwenye ofisi ya chumba kimoja nyuma ya stendi ya mabasi. Dhamana ilitoka Ijumaa, na kesi imepangwa kutajwa tena mwezi ujao.