Pete ya uchumba na mfuko wa kijana wa Boyoma



Kila mara msimu wa ndoa ukikaribia, swali moja linarudi katika mazungumzo yetu. Kijana amemaliza UNIKIS, amepata kakazi, amempata mchumba. Sasa pete ataitoa wapi? Wengine wanasemaga bila almasi hakuna uchumba wa kweli. Wengine wanaingia deni la miezi mingi juu ya kajiwe kadogo. Na hii yote inatokea Kisangani, mji ambao almasi imepita mikononi mwa watu wake kwa makumi ya miaka. Kabla ya kwenda kwa fundi, ao kwa mkopeshaji, tuulize historia kwanza: nani alisema pete lazima iwe na jiwe? Na sisi wa Tshopo, mbele ya hapo, uchumba tulikuwa tunaufungaje?

1. Kwetu chuma ndicho kilitangulia

Watopoke, Walokele na Waturumbu, majirani zetu wa mtoni upande wa Isangi na Yangambi, walikuwa na kitu kinaitwa liganda. Ni bapa la chuma lenye umbo la mkuki mkubwa, urefu wake karibu sawa na mtu mzima. Hakuna aliyekwenda nalo vitani. Ilikuwa ni mali ya kumalizia mambo mazito, na kati ya mambo mazito ndoa ilikuwa ya mbele. Leo ukitaka kuyaona maliganda mengi pamoja, utayakuta katika majumba ya makumbusho ya Ulaya.

Fikiri kidogo juu ya kitu cha namna ile. Huwezi kukificha mfukoni. Siku ya kukitoa, kijiji kizima kinaona. Na kijana peke yake hawezi kukipata. Nyuma yake kuna baba, wajomba, na mfua chuma. Njo maana ya mahari tangu zamani: alama ya ahadi ilikuwa kazi ya ukoo, na ushahidi wake ulikuwa macho ya watu.

Baadaye biashara ya mtoni ilileta mitako, vipande vya waya wa shaba ya manjano, ambavyo Dola Huru la Kongo la Leopold II lilivitumia pia kulipia watu na chakula. Kutoka mashariki walikuja Waungwana wa Tippu Tip, ambaye mwaka 1887 alifanywa gavana wa Stanley Falls. Kiswahili chetu kilifika na watu wale, na ndani yake maneno yetu ya leo: posa, mahari, pete.

Sheria yenyewe inasema nini? Kanuni ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inautambua uchumba kuwa ni ahadi ya ndoa, lakini ahadi isiyomlazimisha mtu kuoa ao kuolewa. Mahari imetajwa, tena ni mapatano kati ya kijana na jamaa yake upande mmoja, na wazazi wa binti upande wa pili. Pete ya almasi si sharti la ndoa. Kwa hiyo tangu mwanzo tujue: hatuzungumzi juu ya sheria, wala juu ya desturi ya babu zetu. Tunazungumza juu ya kitu kilichotoka mahali pengine.

2. Na kwao pia ilianza na chuma

Wengi wanafikiri Wazungu walianza na almasi. Hapana. Plinio, mwandishi wa Roma wa karne ya kwanza, ameandika kwamba katika siku zake mwanamke aliyechumbiwa alikuwa bado anapelekewa pete ya chuma, tena bila jiwe lolote. Mwaka 866 Papa Nikolao I, akiwajibu Wabulgaria maswali yao juu ya ndoa, aliitaja pete kuwa alama ya uaminifu. Jiwe hakulidai.

Mfano wa almasi unaotajwa sana ni wa 1477, wakati Maximilian wa Austria alipomchumbia Mary wa Burgundy. Lakini wale walikuwa watoto wa watawala. Mkulima wa Ulaya wa wakati ule almasi hakuiona hata kwa macho.

Mambo yalibadilika Afrika ya Kusini. Mwaka 1867 jiwe moja liliokotwa karibu na Hopetown, kisha mashimo ya Kimberley yakafunguka, na mawe yakawa mengi hadi bei ikatishika kuanguka. Mwaka 1888 Cecil Rhodes na wenzake waliunda kampuni ya De Beers ili kuwe na mkono mmoja wa kufunga na kufungua bomba. Kitu kikiwa kingi, unaweza kukifanya kionekane haba ikiwa ghala ni lako.

Lakini ghala peke yake halitoshi. Lazima watu watamani. Kwa hiyo mwaka 1938 De Beers ilienda kwa N.W. Ayer, kampuni ya matangazo ya Marekani. Mwaka 1947 mwandishi wake mmoja, Frances Gerety, aliandika yale maneno machache ya kusema almasi haina mwisho, ambayo dunia nzima inayajua. Yeye mwenyewe hakuwahi kuolewa. Katika miaka ya 1980 matangazo yaliongeza kipimo: mwanaume atumie mshahara wa miezi miwili. Wajapani waliambiwa miezi mitatu. Mwaka 1967, kampeni ilipoanza Japani, wachumba waliopata pete ya almasi hawakufika 5 kwa 100. Mwaka 1981 walikuwa karibu 60 kwa 100. Miaka 14 tu, na kitu kigeni kikaitwa desturi.

Ile "miezi miwili" ambayo kijana wa Makiso ao wa Mangobo anairudia leo kama amri ya wazee, ilitoka ofisini kwa watu waliokuwa wanauza mawe.

3. Kisangani katika hesabu hiyo

Kongo haikuwa mbali na mambo haya. Almasi ya kwanza ya Kasai iliokotwa mwaka 1907, upande wa Tshikapa. Kwa miaka mingi mawe ya Bakwanga, leo Mbuji-Mayi, yaliuzwa kupitia mkono wa De Beers. Zaïre ilijaribu kujitoa mwaka 1981. Mwaka 1983 ikarudi.

Kwetu huku mlango ulifunguka mwaka 1982, serikali ya Mobutu iliporuhusu raia kuchimba na kuuza dhahabu na almasi kwa mikono. Vijana waliacha mashamba na madarasa, wakaenda Bafwasende, Banalia, Ubundu, Opala. Mjini zikaota nyumba za kununulia mawe, zile kontwari, zenye almasi kubwa imepakwa rangi ukutani. Mawe yaliondoka na ndege. Kazi ya kuyakata na kuyang'arisha, yenye kuongeza thamani, ilifanywa Antwerp, na leo sehemu kubwa kabisa inafanywa Surat, India.

Halafu vita. Majeshi ya Rwanda na Uganda yaliyoingia pamoja mwaka 1998 yalipigana yenyewe kwa yenyewe ndani ya mji wetu: Agosti 1999, Mei 2000, na vile vita vya siku sita, kuanzia 5 mpaka 10 Juni 2000. Makombora zaidi ya 6,000 yalianguka juu ya mji. Mamia ya raia walikufa, na wenye kuhesabu hapa hapa mjini wanasema walipita elfu moja. Kulikuwa na sababu nyingi, na biashara ya mawe na dhahabu ilikuwa kati yao.

Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema mwaka 2005 kwamba Uganda inawajibika, pamoja na uporaji wa mali asili uliofanywa na askari wake. Tarehe 9 Februari 2022 ikapanga fidia ya dola milioni 325 kwa madhara yote ya vita vile nchini kwetu, na ndani yake milioni 60 ni za mali asili. Kesi dhidi ya Rwanda mahakama ilisema haina mamlaka ya kuisikiliza.

Kutokana na vita kama hivi, dunia iliweka Mpango wa Kimberley, ulioanza kazi 1 Januari 2003. Lakini tuusome vizuri. Unahusu mawe mabichi, na unayaita "almasi za vita" yale tu yenye kuwalisha waasi. Jeshi la serikali likipora, maneno yale hayaligusi. Na jiwe likishakatwa, cheti hakilifuati. Ile almasi ndogo inayong'aa katika duka la Dubai, yenye bei rahisi, pengine ilipita njia yetu ya uwanja wa ndege mwaka 2000. Hakuna anayeweza kukuonyesha.

4. Sasa tuingie kwa fundi

Sisemi pete ni mbaya. Nasema uichague kwa akili yako, si kwa akili ya tangazo. Na pete ya kuchorwa mwenyewe na kufuliwa na fundi wa hapa inaweza kuwa nafuu kuliko ya dukani.

*Kwanza, dhahabu.* Karati ya dhahabu ni kipimo cha usafi: 24 ni safi kabisa, 18 ni sehemu 75 kwa 100 (alama yake 750), 9 ni 37.5 kwa 100 (alama 375). Hesabu ni rahisi: uzito, mara usafi, mara bei ya gramu ya siku ile. Tuseme kwa mfano gramu safi ni dola 100. Pete ya gramu 3 ya karati 18 ina dhahabu ya dola 225. Uzito ule ule kwa karati 9 ni dola 112 na nusu. Kinachobaki katika bei ni kazi ya fundi, na hapo njo pa kupatana. Dhahabu nyeupe hupakwa rodiamu, na rangi ile inachakaa. Kama huna fundi wa kuipaka tena, baki na ya njano.

*Pili, jiwe.* Hapa karati ni uzito: karati 1 ni gramu 0.2. Bei haipandi sawasawa. Jiwe moja la karati 1 ni ghali kuliko mawili ya nusu karati yenye ubora ule ule. Na macho hayaoni tofauti kubwa: karati 1 iko na upana wa milimita 6.5 hivi, nusu karati 5 na kidogo. Usidanganyike kununua jiwe bichi njiani kwa mtu asiye na karata. Sheria inataka mchimbaji awe na karata yake, mchuuzi yake, na kontwari kibali. Tena jiwe bichi likikatwa linaweza kupoteza nusu ya uzito ao zaidi.

Almasi ya maabara, ambayo General Electric ilifaulu kuitengeneza mwaka 1954, ni almasi kweli, na bei yake imeshuka sana miaka hii. Moisanaiti ni nafuu pia, na ni ngumu: 9.25 kwenye kipimo ambacho almasi ni 10. Malakiti ya Katanga ni nzuri sana kwa macho, lakini ugumu wake haupiti 4, na mchanga wa kawaida ni 7. Mama wa kufua na kuosha vyombo ataimaliza upesi. Iweke kwenye mkufu.

*Tatu, umbo.* Jiwe lililozungushiwa ukingo wa dhahabu linakaa salama kuliko lililoshikwa na makucha membamba. Na nani alisema lazima jiwe? Mwambie fundi achonge bapa la liganda, ao miti ya Wagenya yenye mitego yao. Hakuna duka la Ulaya lenye pete ile.

*Nne, mapatano.* Dhahabu ipimwe mbele yako kabla ya kuyeyushwa, na pete ipimwe tena ikimalizika. Muandike kwa karatasi: gramu, karati, kiasi kinachoruhusiwa kupotea kazini, bei, tarehe. Fundi mwaminifu hatakasirika. Karatasi inamlinda na yeye. Kipimo cha kidole kichukuliwe mchana, wakati wa joto, juu ya asubuhi kidole kinakuwa chembamba. Na pete ipite kwenye kifundo bila kulazimisha.

5. Neno la mwisho

Mahari bado inakungoja, na orodha ya wakwe unaijua. Baada yake kuna kodi ya nyumba, na pengine mtoto. Deni la pete linaingia katika nyumba ile pamoja na bibi-arusi, na yeye njo atalilipa pamoja nawe bila kuulizwa.

Kwa hiyo, ndugu yangu, muulize mbele. Kaa na mchumba wako, mwonyeshe mfuko ulivyo, mchore pamoja. Wazee wa liganda hawakuona haya kusema mali iko ngapi na imetoka kwa nani. Ilisemwa hadharani, mbele ya pande zote mbili. Kijana anayeweza kusema "niko na hizi tu" kabla ya kumvisha mtu pete, huyo ameshaanza ndoa vizuri.