Konzo na Utambuzi: Historia ya Istilahi Mbili

Katika kijiji cha Kitaya, kando ya Mto Ruvuma mkoani Mtwara, kama ilivyo katika sehemu nyingi za kusini mwa nchi yetu, muhogo ni chakula na tena ni akiba ya mwaka wa njaa. Kiswahili kinatosha kabisa kuueleza: humenywa, hulowekwa, huvundikwa, huanikwa ukawa makopa, hutwangwa ukawa unga. Lakini tukiuliza sumu ya muhogo mchungu humfanya nini mtoto, hapo msamiati wetu huanza kuyumba. Makala haya yanakusudia kueleza istilahi mbili zihusuzo jambo hilo: konzo, ambayo ulimwengu umekwisha kuipokea, na utambuzi, ambayo sisi wenyewe tungali tunaisitia.

Mwaka 1938 daktari Giovanni Trolli alieleza ugonjwa wa kupooza miguu ulioonekana Kwango, katika Kongo iliyotawaliwa na Wabelgiji. Wayaka, wenyeji wa huko, waliuita konzo, yaani miguu iliyofungwa. Mwaka 1981, wakati wa ukame, ugonjwa wa namna hiyo uliwapata watu zaidi ya 1,000 katika jimbo la Nampula, Msumbiji; huko uliitwa mantakassa. Mwaka 1985 ulizuka Tarime, mkoani Mara, na baada ya mwaka 2000 ukaonekana katika mikoa ya Mtwara na Ruvuma. Watafiti, miongoni mwao Hans Rosling wa Sweden na N. L. Mlingi wa Tanzania, waliuchunguza kwa miaka mingi, na jina la Wayaka ndilo lililoshika. Hivyo neno la wanavijiji wa Kiafrika likawa istilahi ya kimataifa.

Muhogo mchungu usioandaliwa vema hubaki na linamarini, ambayo hutoa sianidi. Mwili huipunguza makali kwa salfa ipatikanayo katika protini. Basi alaye muhogo mtupu, bila samaki wala kunde, yumo hatarini zaidi. Konzo hushika kwa ghafla. Miguu yote miwili hukakamaa, na hali hiyo haiponi, ingawa haizidi kuenea.

Kwa muda mrefu ugonjwa huu ulihesabiwa kuwa wa miguu tu, kama jina lake lisemavyo. Mwaka 2013 M. J. Boivin wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, D. Tshala-Katumbay, mtaalamu wa neva mwenye asili ya Kongo, na wenzao walitangaza matokeo ya vipimo walivyowapa watoto wa Kahemba, nchini Kongo. Walipima kumbukumbu, kujifunza na kupambanua maumbo. Watoto wenye konzo walipungukiwa. Na hata wale watembeao vizuri, lakini wanaoishi penye konzo, walikuwa nyuma ya wenzao wa mahali pasipo na ugonjwa huo.

Je, kilichopungua tukiiteje? Wengi huandika "akili". Twaona si sahihi. Akili katika usemi wetu ni werevu, ni busara, na hata adabu. Kumwambia mtu kwamba hana akili ni kumtukana. "Fahamu" nayo haifai, kwani apotezaye fahamu amezimia. "Utambuzi", litokanalo na kutambua, hutaja kazi yenyewe ya ubongo: kupokea, kushika, kupambanua na kuamua. Aidha, lakubali kwamba sehemu moja yaweza kudhoofika na nyingine zikabaki nzima.

Jambo hili si la kamusi peke yake. Mama wa Kitaya akiambiwa kwamba mwanawe ana upungufu wa akili, huenda akamficha asimpeleke shuleni. Akiambiwa kwamba sumu ya chakula hudhoofisha utambuzi, kwa mfano kumbukumbu, atauliza afanyeje. Na jibu lipo. Howard Bradbury wa Australia alionyesha kwamba unga wa muhogo ukitiwa maji, ukatandazwa kwa tabaka jembamba kwa saa 2 juani au saa 5 kivulini, sianidi nyingi hutoka hewani. Baadaye hupikwa ugali kama kawaida.

Wayaka walitoa jina la kile walichokiona kwa macho. Kisichoonekana kwa macho hatuna budi kukipa jina sisi, tena jina lisilomdhalilisha mgonjwa. Twawaomba wasomaji, hasa wasemaji wa Kimakonde na Kimakua, watuletee maneno yao juu ya jambo hili, tuyapime pamoja na haya.