Homa Iliyokunja Watu

Ukitaja viungo Marikiti, Mombasa, muuzaji atakupimia iliki na mdalasini. Vitaje kwenye baraza za Mji wa Kale, mbele ya wazee, na mmoja wao atajishika goti. "Baridi yabisi," atasema, na neno hilo litabeba kila kitu: uzee, jongo, na ile hali ya kingamwili kuugeukia mwili wenyewe na kuvimbisha vidole. Dawa ya zamani ilikuwa kukandwa au kupigwa chuku, yaani kuumikwa kwa pembe. (Ajabu ni kwamba "kupiga chuku" sasa ni kutia chumvi katika maneno, huenda waganga wenyewe ndio wa kulaumiwa.)

Lakini pwani kulikuwa na maumivu ya viungo ya namna nyingine, yaliyoingia ghafla na homa na kupita nyumba kwa nyumba. Yalipofika Zanzibar mwaka 1870, watu walikuwa na jina lake tayari: kidinga pepo. James Christie, daktari Mskoti aliyefanya kazi kisiwani humo, aliliandika jina hilo katika jarida la madaktari wa Uingereza mwaka 1872. Wazee walimwambia kuwa homa hiyo haikuwa ngeni. Iliwahi kupita takriban mwaka 1823.

Leo neno hilo limekuwa kidingapopo, jina la denge, na wapo wanaoamini kuwa hata neno "dengue" la Wazungu lilitokana na Kiswahili. Hata hivyo, mwaka 1971 mtaalamu aitwaye Carey alidai kuwa ugonjwa alioueleza Christie haukuwa denge. Viungo vya wagonjwa wake viliuma muda mrefu mno baada ya homa. Kwa Carey, ile ilikuwa chikungunya, ugonjwa uliokuja kutambuliwa na sayansi Newala, kusini mwa Tanganyika, katika mlipuko wa 1952 na 1953. Jina hilo si la Kiswahili, ingawa wengi hudhani hivyo. Ni la Kimakonde, na linaeleza mtu aliyekunjika kwa maumivu.

Mwaka 2004 ulikuwa wa ukame. Kisiwani Lamu, watu walijaza maji katika kila chombo kilichopatikana nyumbani, na mbu aina ya Aedes, anayeeneza chikungunya na anayependa maji yaliyotulia karibu na watu, akapata makao. Uchunguzi wa damu uliofanywa Oktoba mwaka huo ulikadiria kuwa robo tatu ya wakazi wa kisiwa hicho walikuwa wameambukizwa. Novemba ugonjwa ulikuwa umefika Mombasa. Kisha ukavuka bahari hadi Komoro, ukaendelea hadi Réunion na India.

Réunion ndiko hadithi inakokutana na baridi yabisi ile ya kingamwili. Mwaka 2009 madaktari wa huko waliripoti wagonjwa 21 waliopata ugonjwa huo baada ya chikungunya. Homa ilikwisha, vidole vikabaki vimevimba.

Awali, hata hivyo, madaktari wengi waliamini kuwa magonjwa ya kingamwili kama huo, pamoja na lupasi, ni nadra kwa Waafrika. Brian Greenwood, aliyechunguza wagonjwa wa Ibadan, Nigeria, alipendekeza mwaka 1968 kuwa malaria na vimelea vingine huenda vinawakinga. Wazo lilikuwa zuri na lilizaa utafiti mwingi, ila daktari anayeamini kuwa ugonjwa ni nadra hautafuti sana.

Chikungunya ilirudi Mombasa mwishoni mwa 2017. Kufikia Februari 3, 2018, Shirika la Afya Duniani lilikuwa na taarifa za wagonjwa 453, na 32 kati yao walithibitishwa kwa vipimo vya maabara. Hesabu hizo zilikuwa za homa. Aliyeshindwa kukuna nazi miezi sita baadaye hakuwamo.

Kwa hiyo mama wa Mji wa Kale anapomwonyesha daktari vifundo vilivyovimba pande zote mbili, kipimo cha damu peke yake hakitoshi. Kuna swali la kutangulia, ambalo wazee wa Christie wangelijua: mwaka ule wa homa, wewe ilikupata?