Kombe la Kituo Kimoja: Klabu Bingwa ya Afrika Mashariki na Kati na Vikwazo vya Nje ya Uwanja

Mashindano ya klabu bingwa ya Afrika Mashariki na Kati, ambayo tangu mwaka 2002 yanajulikana zaidi kwa jina la Kombe la Kagame, ni miongoni mwa mashindano ya kikanda ya klabu yenye umri mkubwa barani Afrika, na historia yake haiwezi kueleweka kwa kusoma orodha ya mabingwa peke yake. Bingwa wa kila mwaka alipatikana uwanjani, lakini kama mashindano yangefanyika au la, yangefanyika nchi gani, na ni klabu ipi ingeruhusiwa kusafiri, hayo yaliamuliwa ikulu, mipakani, na katika mahesabu ya wafadhili.

Chimbuko la mashindano ya kanda hii ni Kombe la Gossage, lililoanza mwaka 1926 kwa mechi baina ya Kenya na Uganda chini ya ufadhili wa mtengenezaji wa sabuni wa Kiingereza, na ambalo Tanganyika ilijiunga nalo mwaka 1945 na Zanzibar mwaka 1949. Hayo yalikuwa mashindano ya timu za makoloni, wala si ya klabu. Klabu zilipata nafasi yao baada ya kuundwa, mwaka 1973, kwa CECAFA, yaani baraza linalounganisha vyama vya mpira wa miguu vya Afrika Mashariki na Kati. Mwaka uliofuata Simba ya Dar es Salaam, iliyokuwa ikiitwa Sunderland hadi mwaka 1971, ilitwaa ubingwa wa kwanza, na mwaka 1975 watani wake wa jadi, Yanga, waliifunga mabao 2-0 katika fainali iliyochezwa Zanzibar.

Jambo lililoyapa mashindano haya sura yake ya pekee ni utaratibu wa kituo kimoja, ambao kwao klabu zote hukusanyika katika nchi moja kwa muda wa wiki mbili hivi, zikagawanywa katika makundi, kisha zikatoana hadi fainali, badala ya kucheza nyumbani na ugenini kwa miezi mingi. Utaratibu huo ulizifaa klabu maskini zilizoishi mbali na jirani zao, kwa kuwa safari ilikuwa moja tu ya kwenda na kurudi. Hata hivyo, uliufanya uhai wa kombe utegemee mwenyeji mmoja, yaani serikali yake, viwanja vyake, usalama wake na fedha zake, na karibu kila tatizo lililoyakumba mashindano haya lilipitia katika mlango huo.

Jaribio kubwa la kwanza lilikuja mapema. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, shirika la ndege la pamoja la East African Airways likafa, na Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya, ambao haukufunguliwa tena hadi mwaka 1983. Mwaka 1978 KCC ya Kampala iliishinda Simba kwa mikwaju ya penalti katika fainali, na kabla ya mwaka huo kwisha majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalikuwa yamevamia eneo la Kagera nchini Tanzania na nchi za klabu hizo mbili zilikuwa vitani. Ingetarajiwa kwamba kombe lingekufa katika miaka hiyo, lakini halikufa. Mwaka 1979 lilichezwa Mogadishu, ambako Abaluhya ya Kenya iliifunga KCC katika fainali, na mwaka 1981 Gor Mahia ya Kenya ilikutana na Simba katika fainali nyingine wakati magari ya mizigo hayakuruhusiwa kupita Namanga, mpakani mwa Kenya na Tanzania. Ni haki kusema kwamba katika kipindi hicho mpira ulikuwa miongoni mwa njia chache zilizobaki wazi baina ya Wakenya na Watanzania, na kwamba viongozi wa vyama vya soka, ambao mara nyingi hulaumiwa, wanastahili sifa kwa kuilinda njia hiyo.

Siasa za ndani nazo ziliacha alama. Serikali ya Kenya ilipozitaka klabu ziache majina ya kikabila, Abaluhya, iliyokuwa klabu ya Waluhya, iligeuka kuwa AFC Leopards, na Luo Union, bingwa wa mwaka 1976 na 1977, ikaitwa Re-Union. Leopards ilistahimili badiliko hilo na kutwaa ubingwa mara tatu mfululizo, kuanzia mwaka 1982 hadi 1984, ilhali Re-Union haikuurudia utukufu wa miaka yake miwili.

Katika miaka ya 1990 ramani ya kanda ilibadilika. Malawi, Zambia na Zimbabwe, ambazo klabu zao zilikuwa zikishiriki, zilielekea kusini kwenye baraza la COSAFA lililoundwa mwaka 1997, na Somalia, mwenyeji wa mwaka 1979, ilikuwa imezama katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Wakati huohuo Rwanda iliingia kwa nguvu. Rayon Sports ilishinda fainali ya mwaka 1998 dhidi ya Mlandege huko Zanzibar, miaka minne tu baada ya mauaji ya kimbari, na kuanzia mwaka 2002 Rais Paul Kagame alianza kutoa zawadi ya dola 60,000 za Marekani, ambapo bingwa hupata 30,000, mshindi wa pili 20,000 na wa tatu 10,000. Fedha hizo ziliyaokoa mashindano yaliyokuwa yakiishi kwa kuombaomba, na ndiyo sababu yakaitwa kwa jina lake.

Zawadi hiyo, hata hivyo, haikumaliza ugomvi juu ya mapato ya mlangoni, yaani fedha za viingilio. Mwaka 2008 jijini Dar es Salaam, Yanga haikutokea kucheza na Simba kumtafuta mshindi wa tatu, kukiwa na mvutano juu ya mgawo wa mapato, na CECAFA ikaifungia. Mashabiki waliokwisha kulipa ndio waliopata hasara kubwa zaidi. Yanga iliporudi, ilitwaa kombe mwaka 2011 kwa kuifunga Simba bao 1-0, kisha ikalitetea mwaka 2012.

Mwaka 2013 udhaifu wa kituo kimoja ulionekana wazi kuliko wakati mwingine wowote. Sudan ilipewa uenyeji, na serikali yake ikachagua El Fasher katika jimbo la Darfur, lililokuwa vitani tangu mwaka 2003, pamoja na Kadugli katika Kordofan Kusini, mji ulioshambuliwa na waasi kwa makombora siku chache kabla ya mechi ya kwanza. Kwa Khartoum, wageni wa michezo walikuwa ushahidi kwamba amani imerejea. Kwa klabu, lilikuwa suala la uhai wa wachezaji. Serikali ya Tanzania ilizizuia Yanga, Simba na Falcon ya Zanzibar kusafiri, kwa hiyo bingwa mtetezi hakuwapo, na Tusker ya Kenya ikajitoa pia. Vital'O ikawa klabu ya kwanza ya Burundi kutwaa kombe, kwa kuifunga APR ya Rwanda mabao 2-0 mnamo Julai 2. Julai 13, askari saba wa Tanzania waliokuwa katika kikosi cha kulinda amani waliuawa huko Darfur. Tukio hilo halikuhusiana na mpira, lakini linatosha kuonyesha kwamba hofu ya Dar es Salaam ilikuwa ya kweli.

Kilichofuata kilikuwa kimya zaidi lakini chenye madhara makubwa. Mwaka 2016 na 2017 mashindano hayakufanyika kabisa, na mwaka 2020 yalizuiwa na janga la korona. Mwaka 2017 Shirikisho la Soka Afrika, CAF, liliamua kwamba msimu wa mashindano yake ya klabu uanze Agosti na kwisha Mei, hivyo Julai, mwezi wa Kombe la Kagame, ikawa ni wakati wa mapumziko, usajili na mazoezi ya kujiandaa na msimu mpya. Klabu inayoishia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika hulipwa dola 700,000, kiasi kinachozidi mara ishirini zawadi ya bingwa wa kanda. Haishangazi, basi, kwamba Simba na Yanga zilizoea kukaa pembeni, ingawa kukosekana kwao kuliyapunguzia mashindano watazamaji wale wale ambao fedha zao zingeweza kuiongeza zawadi.

Wengine bado wanayahitaji. Tangu vita vilipozuka Sudan mwezi Aprili 2023, Al Hilal ya Omdurman imekuwa ikihama nchi hadi nchi kutafuta uwanja na wapinzani, ikaitumia Dar es Salaam kama nyumbani katika mechi za CAF, na ikashiriki Kombe la Kagame lilipofufuliwa jijini humo mwaka 2024. Tanzania Bara iliwakilishwa na klabu kama Coastal Union ya Tanga, iliyokuwa imefika fainali mwaka 1989, na kombe likachukuliwa na Red Arrows ya Zambia, iliyoalikwa kutoka nje ya kanda na kuishinda APR kwa mikwaju ya penalti.