Uuguzi wa Maradhi ya Homoni na ya Akili Bukoba na Muleba

Uuguzi wa maradhi ya homoni na ya akili ni huduma kwa watu wenye kisukari, maradhi ya tezi ya shingo na hitilafu nyingine za homoni, pamoja na wale wenye sonona, skizofrenia, hofu kali ya ghafla au hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi. Makundi haya hukutana kwa sababu tatu: dalili zao hufanana, dawa za upande mmoja hugusa upande wa pili, na tiba huchukua miaka, mara nyingi maisha yote. Katika wilaya za Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, sehemu kubwa ya tiba hiyo hufanyika nyumbani, migombani na visiwani, mbali na macho ya daktari. Ndiyo maana somo la dawa analotoa muuguzi huhesabiwa kuwa sehemu ya tiba yenyewe.

Mahali na huduma

Mkoa wa Kagera, wenye watu karibu milioni 3 kwa sensa ya 2022, uko magharibi mwa Ziwa Viktoria. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iko Bukoba mjini. Muleba inategemea sana hospitali za mashirika ya dini: Rubya na Kagondo za Kanisa Katoliki, na Ndolage ya Kilutheri. Ndolage na Rubya zimekuwa pia mahali pa kufundishia wauguzi. Chini ya hospitali kuna vituo vya afya na zahanati, ambako mara nyingi muuguzi ndiye mtu wa kwanza na wa mwisho kuonana na mgonjwa siku hiyo.

Muleba ina visiwa vingi, vikiwemo Bumbire, Goziba na Ikuza. Mvuvi wa huko anayechoma insulini au anayemeza dawa za skizofrenia anaweza kuzuiwa na mawimbi siku ile ile ya kliniki, kwa hiyo akiba ya dawa nyumbani huwa jambo la kwanza la kupanga naye.

Kashasha, 1962

Historia ya afya ya akili ya eneo hili ina tukio linalojulikana duniani kote. Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache baada ya uhuru wa Tanganyika, wasichana watatu wa shule ya bweni ya Kashasha, ambayo sasa imo wilayani Muleba, walianza kucheka na kulia bila kuweza kujizuia. Shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Hakuna mwalimu hata mmoja aliyepatwa. Wasichana waliporudi makwao, hali hiyo ilijitokeza katika kijiji cha Nshamba, ambako watu 217, wengi wao watoto na vijana, walipatwa kati ya Aprili na Mei.

Madaktari A. M. Rankin na P. J. Philip walichunguza, wakaandika ripoti yao mwaka 1963. Hawakupata kijidudu wala sumu ya kueleza vicheko hivyo. Walihitimisha kuwa ni taharuki iliyoenea kutoka kwa mtu hadi mtu. Hakuna aliyekufa. Kwa wauguzi, tukio hilo bado ni somo zuri: mateso ya wasichana yalikuwa ya kweli ingawa vipimo havikuonyesha kitu, na msaada wao ulihitaji utulivu, kutenganisha waliopatwa na kuondoa hofu kuliko vidonge.

Eneo hili limebeba majonzi mengi baada ya hapo: vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kuzama kwa meli ya MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016, ajali ya ndege ya tarehe 6 Novemba 2022 iliyoua watu 19 kando ya uwanja wa Bukoba, na mlipuko wa ugonjwa wa Marburg uliotangazwa tarehe 21 Machi 2023. Kila tukio la namna hiyo huacha watu wasiolala, wasiokula na wasiotaka kusema. Mwenye kisukari akiwa katika hali hiyo huacha pia kupima sukari na kumeza dawa.

Dalili zinazofanana

Mtu anayeyumba, anayetoka jasho na kuongea ovyo hudhaniwa kuwa amelewa rubisi, pombe ya ndizi, au amerukwa na akili. Huenda sukari yake imeshuka. Mama mnene, mzito wa mwendo, asiyefurahia chochote huitwa mvivu, kumbe tezi yake ya shingo inafanya kazi kidogo mno. Kijana mwenye moyo unaokwenda mbio, mikono inayotetemeka na usingizi wa kuruka hutibiwa hofu, ilhali tezi hiyo hiyo imezidisha kazi.

Muleba pia ni wilaya iliyosumbuliwa sana na malaria. Ndiko lilikofanyika jaribio la vyandarua vyenye PBO, kiambata kinachoongeza makali ya dawa ya mbu, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2018. Malaria kali huvuruga akili, na huweza kushusha sukari, kama inavyofanya kwinini. Kwa sababu hiyo mgonjwa yeyote aliyechanganyikiwa hupimwa sukari na malaria kwanza, kabla ya kuchomwa sindano ya kumtuliza.

Insulini na vidonge vya kisukari

Somo la insulini huanza na chupa. Ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 na haigandishwi kamwe. Iliyofunguliwa hutumika kwa takriban wiki nne mahali pasipo na joto kali. Kaya isiyo na friji huweza kuweka chupa ndani ya mtungi wa udongo wenye mchanga mbichi, kivulini. Mgonjwa hufundishwa kuzungusha sehemu za kuchoma, yaani tumbo, mapaja na mikono, kwa kuwa ngozi iliyochomwa mahali pamoja hufanya uvimbe na kuinyonya dawa vibaya. Akichanganya insulini mbili, huvuta kwanza ile angavu, ndipo ile ya maziwamaziwa.

Metformini humezwa pamoja na chakula ili tumbo lisichafuke. Glibenklamidi huhitaji tahadhari zaidi: anayeimeza halafu akaenda shambani bila kula, au akanywa pombe tumbo likiwa tupu, anaweza kuzimia. Familia hufundishwa kumpa aliye macho vijiko vitatu vya chai vya sukari ndani ya maji na kumpima tena baada ya dakika 15. Aliyezimia hawekewi kitu mdomoni, hukimbizwa kituoni. Kwa mlo, muuguzi hamkatazi Mhaya, mwenyeji wa eneo hili, ndizi. Humwonyesha kwa sahani ni kiasi gani cha ndizi, na ni kiasi gani cha maharage na mboga. Miguu huangaliwa kila jioni, hasa ya anayelima bila viatu.

Tezi ya shingo na kahawa

Levothairoksini, dawa ya mwenye upungufu wa homoni ya tezi, hunyonywa vizuri tumbo likiwa tupu. Bukoba ni nchi ya kahawa, na kahawa ya asubuhi huizuia dawa hiyo. Kwa hiyo kidonge humezwa kwa maji mara mtu anapoamka, na kahawa na chakula husubiri nusu saa hadi saa nzima. Vidonge vya madini ya chuma, ambavyo wajawazito wengi hupewa, hutengwa na kidonge hicho kwa saa nne. Anayetumia kabimazoli kwa tezi iliyozidisha kazi huambiwa: ukipata homa na koo kuuma, rudi upesi upimwe damu, kwa kuwa dawa hiyo huweza kupunguza chembe nyeupe.

Dawa za akili

Haloperidoli inaweza, katika siku za mwanzo, kupinda shingo na kugeuza macho juu. Ndugu wanaoona hivyo husema amepagawa au amerogwa, na dawa hutupwa. Muuguzi aliyewaeleza mapema huwa ameokoa matibabu. Sindano ya kulegeza mkakamao huondoa hali hiyo kwa muda mfupi. Klopromazini huifanya ngozi iungue haraka juani, jambo zito kwa mkulima au mvuvi. Olanzapini huongeza uzito na sukari, hivyo anayeitumia hupimwa uzito na sukari kama mgonjwa wa kisukari. Lithiamu huweza kudhoofisha tezi ya shingo, na hugeuka sumu mtu anapoharisha, anapopungukiwa maji au anapomeza diklofenaki kwa maumivu. Dawa za sonona huchukua wiki mbili hadi nne kuleta nafuu. Asiyeambiwa hivyo huacha siku ya tano.

Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 inamtambua mgonjwa kuwa mtu wa kutibiwa na kulindwa. Kumfunga kamba nyumbani humwumiza na kuchelewesha tiba yake.

Mbinu ya kufundisha

Kagera ilikuwa mkoa wa kwanza nchini kutambua wagonjwa wa UKIMWI, mwaka 1983, na kliniki za tiba na matunzo zilizofuata ziliwazoesha watu mambo mengi: kadi ya miadi, mtu wa karibu wa kukumbusha dawa, ushauri kabla ya kidonge cha kwanza. Mbinu hizo zinafaa kabisa kwa kisukari na skizofrenia. Tiba ya UKIMWI na ya kisukari hukutana hata ndani ya mwili mmoja: dolutegraviri, dawa ya kufubaza virusi vya UKIMWI, huongeza kiwango cha metformini kwenye damu, kwa hiyo kwa anayetumia zote mbili metformini kwa kawaida haizidi miligramu 1000 kwa siku.

Bahasha ya dawa huandikwa "1×2", yaani kidonge kimoja mara mbili kwa siku, lakini mzee asiyesoma hunufaika zaidi na mchoro wa jua linalochomoza na jua linalozama. Mwenye kuongea Kihaya hufundishwa kwa Kihaya, kisha huombwa arudie kwa maneno yake na kuonyesha kwa mikono namna atakavyochoma sindano. Kwa wa visiwani, kadi hubeba majina ya dawa, vipimo, dalili za hatari na zahanati iliyo karibu, na dawa hutolewa za kutosha kuvuka siku za ziwa kuchafuka.